Jitu la Lund na Miwani ya Baba

Nilipokuwa mtoto, asubuhi moja baba aliiacha miwani yake kwenye sinia la tende akatoka. Alikuwa akiisahau karibu kila siku, ndiyo maana nalihesabu hilo kuwa jambo la mwisho la kawaida kutokea nyumbani kwetu Nizwa.

Ilikuwa miaka ya sabini. Watu walisema tumerudi Oman, ingawa mimi na mama tulizaliwa Unguja na hatukuwa tumepata kuiona kabla. Baba alitufuata baadaye akitokea Lund, mji wa kale wa Uswidi, alikokuwa akisoma hesabu. Alitusimulia habari zake mpaka tukahisi tumekaa huko. Chuo kilikuwa na karne tatu, lakini mbele ya kanisa kuu kilikuwa mtoto. Ndani ya kanisa mlikuwa na saa ya kale, na ikifika adhuhuri wafalme wa mbao hutoka kwenye kijidirisha wakapita mmoja mmoja. Mwisho wa Aprili wanafunzi huvaa kofia nyeupe wakaimba kuiaga baridi.

Bibi, mama yake baba, alisikiliza huku akichagua mchele. Alichokipenda ni jitu. Jitu lilimjengea walii wa Kikristo lile kanisa kwa sharti: akilijua jina lake kabla ya jiwe la mwisho, halidai kitu, asipolijua, atatoa macho yake. Walii akamsikia mke wa jitu akimbembeleza mtoto, akimtaja baba yake kwa jina, Finn. Jitu likaikumbatia nguzo ili liliangushe kanisa, likageuka jiwe.

Baba alicheka. Bibi hakucheka.

"Mke kamtaja mumewe," alisema. "Kumbe hata Wazungu wanajua."

Kwetu mke hamtaji mumewe. Mama alimwita baba Baba Khalfani, kwa jina langu mimi. Bibi alimwita babu "marehemu", na sikuwahi kulisikia jina lake kinywani mwake. Alikuwa akisema kwamba mke akilitamka jina la mume, hulisikia na wasiotakiwa kulisikia; na sisi, tulivyo majirani wa Bahla, mji uliosifika kwa majini na uchawi, wasikilizaji wa namna hiyo hatuwakosi. Baba alimtania mama kwamba huko Lund wanawake huwaita waume zao kwa majina toka ng'ambo ya barabara, na waume wanazeeka vizuri tu. Mama aliinamisha macho.

Asubuhi ile baba alikuwa anakwenda shule moja ya Bahla. Mama alipoiona miwani, gari lilishawaka. Baba Khalfani ni jina refu. Alikimbia mlangoni akaita, "Said!"

Baba alizima gari. Akarudi polepole, akaipokea miwani, akaivaa, akamtazama mama kama mtu anayeonyeshwa nyumba mpya.

"Kumbe jina langu unalijua," alisema.

Walisimama pale mlangoni wakicheka wote wawili. Kisha akaondoka. Kwetu mbingu ilikuwa safi. Mvua ilikuwa imenyesha milimani. Maji yalishuka kwenye wadi, mto uliokuwa mkavu, yakalikuta gari lake katikati ya kivuko. Gari lililomtangulia lilivuka salama. Dereva wake alituambia aliyaona maji kwenye kioo, nyuma yake.

Na mimi nilisoma hesabu. Najua kwamba asingeitwa, angevuka. Mama hakuhitaji hesabu. Baba alipoletwa, mama alimwambia Bibi mbele ya wanawake wote, "Mimi ndiye niliyemwita," kisha akakataa hata maji. Wanawake wakamtazama Bibi. Aliyekufa ni mwanawe, na alikuwa ameonya. Neno lake moja lingetosha kummaliza mama.

Asubuhi iliyofuata Bibi alitoka uani, akasimama mbele ya mama, akaita kwa sauti ya kumwita mtu aliye mbali, "Nasoro! Ewe Nasoro!"

Lilikuwa jina la babu.

"Wangu nilimnyamazia maisha yangu yote," alimwambia mama, "na amekufa vilevile. Inuka unywe chai, mwanangu."

Wengine walidhani ameiacha imani yake. Hakuiacha. Jioni ile nilimwona akifukiza ubani kila mlango, na tangu hapo hakukaa tena uani peke yake magharibi ikiingia.

Miaka baadaye nilikwenda Lund kusoma. Chini ya kanisa nililikuta jitu, dogo kuliko lile la kichwani mwangu. Nguzo nyingine ina mwanamke na mtoto. Wanasema nao waligeuka mawe. Nilisimama hapo muda mrefu. Mama yangu alikunywa ile chai.

Mke wangu hakuwahi kunitaja, wala mimi sikumtaja. Alikuwa Mama Asma, nami Baba Asma. Tulisoma sote wawili, tukasema ni mazoea tu. Mwezi uliopita tulimzika. Asubuhi iliyofuata, watoto wakiwa bado wamelala, nilitoka uani nikasema, "Zuwena." Jina lilitoka dogo, la kigeni, kama la mtu niliyejulishwa naye jana. Nikaita tena, safari hii kwa sauti ya kumwita mtu aliye mbali.