Ujumbe Uliopitia kwa Ng'ombe

Mzee Andongwisye wa Lufingo ni mtu wa maneno mengi, na sehemu kubwa ya maneno hayo ni lawama. Huilaumu mvua ikizidi, hulilaumu jua likitoka, na wanunuzi wa ndizi huwalaumu hata kabla hawajafika. Mimi ni jirani yake, mashamba yetu ya migomba yamepakana, kwa hiyo nimeshalaumiwa vya kutosha. Lakini kuna mtu mmoja ambaye kwa miaka sita hakuwahi kumwambia neno lolote, baya wala zuri, naye alikuwa akiishi uani kwake. Huyo ni Tusekile, mke wa mwanawe Ipyana.

Kwetu Unyakyusa mkamwana na baba mkwe hawakutani. Tunaita kutila, yaani kuogopa kwa heshima. Mkamwana akisikia kikohozi cha baba mkwe huacha njia na kuingia migombani. Hamtazami usoni, hamtaji jina, haongei naye. Mzee naye hukohoa makusudi kabla ya kukata kona, ili mwenzake apate nafasi ya kupotea. Vijana wa mjini Tukuyu wanayacheka mambo haya, na wacheke tu. Kwa Andongwisye yalishikwa sawasawa, na lolote la kusemwa kati yao lilipitia kwa mama mkwe, Atupakisye.

Tusekile alikuwa na mtoto wa kiume, Lusungu, aliyezaliwa na mdomo sungura. Mdomo wa juu ulikuwa umepasuka mpaka puani, na kunyonya alishindwa, mama akamlea kwa maziwa ya kijiko. Mtoto alikua mchangamfu, mkimbiaji, ila kila wakitoka Tusekile alimfunika uso kwa kanga kwa sababu watu hawana macho ya aibu. Madaktari wageni walikuja hospitali ya misheni mara moja kwa mwaka kushona midomo ya namna hiyo, na kila mgonjwa aliitwa kwa barua. Hapo ndipo palipokuwa na balaa.

Barua zetu zote zilipitia sanduku la posta la kanisa, na ufunguo alikuwa nao mzee wa kanisa, Ackson. Ackson alishuka Tukuyu anapojisikia. Akishazichukua, barua zilikaa mfukoni mwa koti lake mpaka ibada iishe, ndipo azitangaze pamoja na harusi na mbuzi waliopotea. Na ya hospitali hakuishia kwenye jina tu, alieleza na ugonjwa, tukawa tunajuana matumbo na vifua. Mara mbili barua ya Lusungu ilitangazwa madaktari wakiwa wameshaondoka. Mara ya pili Tusekile alitoka kanisani kabla ya wimbo wa mwisho, analia, na mimi nilimtamkia Ackson maneno ambayo hayatamkwi kwenye uwanja wa kanisa. Sijutii hata moja.

Wakati huo minara ya simu ilikuwa imeanza kusimama vilimani, na wanunuzi binafsi walikuwa wanakuja na malori kutoka Mbeya na Dar es Salaam. Andongwisye, kwa kuogopa kupunjwa bei, akanunua simu ya tochi, ya kwanza upande wetu. Namba yake aliiandika mlangoni kwa rangi ya bluu, tarakimu kubwa kubwa, ili kila mpita njia aisome. Mtandao ulishika sehemu moja tu, zizini, kwa hiyo simu ikawa inaning'inia kwenye msumari juu ya kichwa cha ng'ombe.

Basi Tusekile alipokwenda kliniki, nesi akamwambia kwamba barua zimekwisha, sasa wagonjwa wanaitwa kwa ujumbe wa simu, ataje namba. Yeye hakuwa na simu, na mumewe alikuwa machimboni Chunya. Akafumba macho, akaukumbuka ule mlango ambao hakuwahi kuusogelea, akaitaja namba ya baba mkwe tarakimu moja baada ya nyingine. Aliporudi alimweleza mama mkwe, na mama mkwe akamfikishia mzee. Safari hii mzee hakulaumu. Alianza kuipeleka simu mjini kuchajiwa hata kabla haijaisha chaji, na kila akipita zizini aliitazama.

Ujumbe ulikuja wakati tuko msibani Kinyala. Msiba wa kwetu si wa kwenda na kurudi, tunakaa, na majirani wote tulikuwa huko pamoja na Atupakisye. Andongwisye alikuwa amerudi mapema kukamua, na Tusekile alibaki kuchuma chai. Mchana simu ikalia. Lusungu aletwe kesho saa moja asubuhi, asile wala kunywa chochote tangu usiku, madaktari wanaondoka kesho hiyohiyo. Haya alinisimulia mzee mwenyewe. Ujumbe ulikuwa umefika kwa wakati, lakini wa kumtuma hakuwepo.

Akaenda nyumbani kwa Tusekile, na kwa kuwa ni mtu wa adabu, akakohoa. Tusekile akamshika mtoto mkono, akaingia migombani. Mzee akafuata, akakohoa tena, mkamwana akazidi kwenda ndani. Walizunguka shamba zima namna hiyo, huyu anakohoa, yule anakimbia, mpaka wakaingia kwangu na kunikanyagia migomba michanga. Tusekile anasema alidhani mzee wa watu amepatwa na kifua.

Mzee akabadili mbinu. Aliiweka simu juu ya kinu mbele ya mlango wa Tusekile, ujumbe ukiwa wazi, akaondoka. Tusekile aliporudi akaiona. Kushika kitu cha baba mkwe hakuthubutu, na mvua ilikuwa inaanza, basi akakata jani la mgomba, akaifunika vizuri isilowe, akaendelea na kazi zake. Mzee alikuta simu kavu kabisa na ujumbe haujasomwa. Anasema alikasirika kuliko alivyowahi kukasirika maishani, na kwa mara ya kwanza hakumpata wa kumlaumu. Aliona mwaka mwingine unapotea, na safari hii ukipotelea mkononi mwake.

Akarudi zizini. Aliligeuzia mgongo jiko la Tusekile, akamshika ng'ombe pembe, akapaza sauti mpaka ndege wakaruka.

"Wewe ng'ombe, nisikilize. Nasema na wewe, sisemi na mtu. Hospitali wametuma ujumbe. Lusungu anatakiwa kesho saa moja asubuhi. Usiku huu asile kitu, hata maji asinywe. Gari la ndizi linapita alfajiri, nitalisimamisha mimi mwenyewe. Ng'ombe, umesikia?"

Sufuria likaanguka jikoni, na sauti ya Tusekile ikasikika ikimwita mtoto aje kuoga upesi. Mzee akamwachia ng'ombe pembe.

Alfajiri alisimama katikati ya barabara akiwasha tochi ya simu, gari likasimama. Akavuka upande wa pili, akageukia ukingo wa barabara na kuutazama udongo mpaka mkamwana alipopanda na mtoto. Dereva alidhani wamegombana.

Tulirudi kutoka msibani siku hiyohiyo mchana, tukamkuta mzee amekaa zizini juu ya ndoo, hajala. Alikuwa anatusimulia kisa hicho simu ilipolia. Tusekile alimaliza darasa la saba, ila pale nyumbani hakuna aliyewahi kuona mwandiko wake. Alikuwa ameazima simu ya nesi. Mzee akatusomea kwa sauti.

"Tata, shikamoo. Ni mimi mama Lusungu. Wamemshona, ameamka, mdomo wake mzima kabisa. Ndaga fijo, asante sana kwa kumwambia ng'ombe."

Atupakisye alipiga vigelegele, nami nikamsaidia. Mzee alijaribu kuusoma ujumbe mara ya pili, akashindwa njiani, machozi yanamtiririka bila hata kuyafuta. Wale wanawake wazee tuliokuja nao wakaanza kuulizana kama mwiko umevunjwa. Mkamwana hajamtazama, hajamtaja jina, kamwita tata tu, yaani baba, wala hajamsemesha kwa mdomo. Wakakubaliana kwamba hakuna kilichovunjwa, na tangu siku hiyo wakamwana wa Lufingo wamepata njia ya kuongea na baba wakwe zao. Ackson naye siku hizi anatangaza harusi na mbuzi tu.

Mzee alitaka kujibu. Kidole gumba chake kimezoea jembe, kila herufi aliibonyeza kama anaua siafu, akikosea anaanza upya, na hakukubali msaada wa mtu yeyote. Ng'ombe akaanza kulia kwa kuchelewa kukamuliwa, bado yeye anabonyeza. Alipomaliza alituonyesha, maana alitaka tuone.

"Marahaba mwanangu. Leo nimelia kwa furaha. Ni mimi tata yako."

Akautuma, halafu akatulaumu wote kwa kumkodolea macho.