Kucha za Paka wa Mashimoni

Mke wangu aliporudi nyumbani Magharibi kumtunza mama yangu, aliniachia chumba chetu cha Mashimoni, Kibera, na paka wa kijivu. Kulikuwa pia na kochi nililolitengeneza mwenyewe, maana nilikuwa seremala, na juu yake vitambaa alivyovifuma yeye. Haikupita muda paka akaanza kuliparura. Nilikuwa nikitoka kazini nakuta nyuzi zinaning'inia na sponji iko nje.

Nilimlalamikia jirani yangu, fundi wa viatu kutoka upande wa ziwa. Akaja na koleo.

"Mshike vizuri. Tung'oe hizo kucha zote, mambo iishe."

Nilimpakata paka, nikabonyeza mguu wake kidogo. Ukucha ukachomoza. Kwenye mwanga wa mlangoni niliona ndani yake nyama nyekundu, hai kama ya kidole changu. Paka alinitazama tu, hakujivuta.

"Hapana," nikasema. "Hiyo ni kumkata vidole."

"Basi kaa na kochi la matambara," akasema, akaenda zake.

Nilichukua mkasi mdogo wa kucha, nikakata ncha tu, ile nyeupe, mbali na pekundu. Alipochoka nilimwachia, nikamalizia kesho yake. Kisha nikasimamisha nguzo ya mbao kando ya kochi, ndefu ya kumwezesha kujinyoosha wima, nikaipigilia kwenye ubao mzito isiyumbe, nikaizungushia kamba ya katani. Aliipita kama haioni. Jirani, nadhani alijuta, akaleta omena, dagaa wa ziwani, mkononi. "Weka huko juu." Paka akasimama akiiegemea nguzo, akapanda kwa kucha, na tangu siku hiyo akawa anaparura hapo.

Niliizoea sauti ile ya kamba. Jioni, hiyo ndiyo iliyokuwa mazungumzo ya chumba kizima. Mke wangu alikuja Pasaka, akacheka sana alipoiona ile nguzo, kisha akarudi kwa mama.

Baadaye kazi ikanihamishia Kabiro, kule Kawangware. Nilimbeba paka kwenye kikapu, na nguzo begani. Siku chache tu akatoweka. Nilimtafuta vichochoro vyote, mwishowe nikarudi Kibera kwa miguu.

"Huyo alikuja," jirani akaniambia. "Amelia kwa mlango yako ya zamani mpaka wapangaji wapya wakamfungulia."

Nilikwenda nikabisha hodi. Mama mmoja akafungua. Ndani paka alikuwa amelala kwenye mapaja ya binti yake mdogo. Paka aliinua kichwa nilipomwita, kisha akakilaza tena.

"Ni wako, baba?" mama akauliza.

Mtoto alikuwa amemkumbatia kwa mikono miwili.

"Alikuwa wa chumba hiki," nikasema.

Akanikaribisha chai. Nikainywa nimesimama, nikashukuru, nikashika njia ya Kawangware. Mvua ilikuwa imeanza na sikuwa na haraka ya kufika.