Nambari ya Kubipu ya Bi Shaima

Bi Shaima Amour alipostaafu ualimu, mwaka 2006, alikodi chumba cha ghorofani Mlandege akaanza kusomesha watu wazima jioni: Kiingereza kwa wafanyakazi wa hoteli, na kusoma na kuandika kwa waliokosa skuli utotoni. Darasa la Kiingereza lilijaa upesi. La kusoma lilikuwa na wanawake wanne tu, na hilo ndilo alilolipenda.

Hisham, mtoto wa kaka yake, alimtengenezea tovuti. Miezi mitatu ikapita. Wote walioandika barua pepe walitaka Kiingereza.

"Basi tutume meseji, shangazi," Hisham akasema. Wakakusanya nambari za simu kwa wanafunzi na jamaa zao, wakatuma meseji mia moja za kulitangaza darasa la kusoma.

Alikuja mtu mmoja. Mwanamme wa makamo, kasimama mlangoni, simu mkononi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Karibu ndani."

"Mie Silima, natoka Kiembe Samaki. Meseji hii yenu?"

Bi Shaima alidhani kaja kugomba. "Yetu. Imekuudhi?"

"Nimekaa nayo siku sita sijui inasema nini. Mke wangu naye hajui. Leo muuza vocha kanisomea mbele za watu, wakacheka."

Bi Shaima aliona haya. Miaka thelathini ya ualimu, na leo kawaandikia watu wasiojua kusoma! Akamtaka radhi, akamvutia kiti.

"Ningekuita vipi, Silima, ukanisikia?"

Silima alifikiri. "Redio nasikiliza kutwa kazini. Tarakimu za simu nazijua. Na kubipu najua."

Jumamosi ile sauti ya Bi Shaima ilisikika redioni: anayetaka kujifunza kusoma abipu tu, yeye mwenyewe atampigia, na hapana atakayejua. Nambari aliitaja mara tatu, pole pole.

Simu ilianza kulia kabla hajafika nyumbani. Alipowapigia, wengine walinong'ona, wengine walikata ghafla kwa kuwa mtu kaingia chumbani mwao. Mwisho wa mwezi darasa lilikuwa na watu kumi na tisa, Silima na mkewe Wanu wamekaa dawati moja. Saba waliacha kabla ya Ramadhani. Tovuti hakuifunga, maana watu wa hoteli za Mbweni waliiona kwenye kompyuta za kazini.

Wanu ndiye aliyetangulia kusoma ukurasa mzima. Silima alinuna siku mbili, kisha akamwomba amsomeshe nyumbani.