Kumbikumbi za Ubatizo

Harufu ya kumbikumbi zikikaangwa bila tone la mafuta bado inanipandisha hasira. Msinicheke. Kila mvua za kwanza zikinyesha hapa Songea, jirani akibandika kikaango tu, narudi kwenye ubatizo wa mdogo wangu, nyumbani kwetu Majengo, nikiwa na miaka kumi na mdomo usiopumzika.

Mama alikuwa amezifuata kumbikumbi hizo kwao Maposeni, akazipepeta mbawa mwenyewe, akaziweka mezani kati ya pilau na keki. Mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, akaingia na wageni watatu wa ofisini kwake. Alipoliona bakuli tu, akamvuta Mama pembeni.

"Dada, hizo ondoa jamani. Hawa watu watanionaje?"

Mama alilifunika bakuli kwa sahani, akalirudisha jikoni, akabaki anafuta mikono kwenye kitenge wakati haikuwa na kitu. Nikawaka. Chakula cha mama yangu kifichwe kwenye sherehe yetu wenyewe? Thubutu!

Mchezo niliubuni palepale. Nilichukua mtandio, nikatangaza: unafungwa macho, unalishwa kijiko, unataja ulichokula, ukikosa, unacheza muziki peke yako katikati ya sebule. Nilianza na ndizi, keki, dagaa wa Nyasa. Watoto wakapiga kelele, wakubwa nao wakataka. Ndipo nikachota kwenye lile bakuli la jikoni, nikamlisha mgeni mmoja wa ofisini, baba mwenye kitambi na tai.

"Korosho!" alisema, akaacha mdomo wazi aongezwe.

"Umekosa!" Akacheza, tai ikimpiga kidevuni. Jibu sikulitoa, maana niliyekuwa namtaka ni mwingine.

"Sasa Mama mdogo!"

Mbele ya wageni wake angekataaje? Fundo lake nililikaza kuliko la wengine, nakiri. Nilitaka akosee, acheze, kisha nitangaze kwa sauti amekula nini. Akatafuna. Akatafuna tena, polepole.

"Kumbikumbi," akasema, macho bado yamefungwa. "Kazikaanga Dada. Chumvi anaweka mwishoni, kama mama yetu. Kwetu Maposeni tumekulia hizi. Nani ana neno?"

Mama akatoka jikoni na bakuli lote, akalirudisha mezani. Mimi nikanuna, eti kwa sababu amepatia!

Miaka mingi nilijisifu kwamba siku ile nilimkomesha. Kisha nikaajiriwa, nikakaa meza moja na mabosi wangu, wakaniuliza kwetu tunapenda kula nini, nikajibu: wali kuku. Hapo ndipo nilipomwelewa Mama mdogo. Angeweza kusema karanga, akacheza kidogo, watu wakacheka, yakaisha. Alikataa. Mimi sikufungwa macho na mtu, na nikadanganya. Mara moja. Sirudii tena.