Fundo la Kikwembe cha Koko

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu ambayo sikuwahi kukusimulia kwa sababu naionea aibu. Jumapili uliponipigia simu, siku hiyo ilinirudia yote, nikakata simu. Ulidhani ni mtandao. Haukuwa mtandao. Ndiyo maana leo nimemwomba jirani anishikie simu nikutumie sauti hii, na nakuomba uisikilize mpaka mwisho, usiikatishe katikati ukasema una kazi.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka kupata diploma ya sekondari, na Bwegera nzima ilijua, maana mimi mwenyewe nilihakikisha inajua. Nilikaa kwa koko, mama yake baba yangu, aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni. Alikuwa mjane, mwembamba, mfupi, mwenye maneno machache. Mumewe alimwachia shamba la mpunga kando ya barabara, na lile shamba ndilo lililotulisha. Koko hakuwa na kitu kingine duniani cha kukiita chake.

Sasa baba mdogo Byamungu, mwanawe wa mwisho, alikuwa na hamu ya pikipiki, abebe watu kwenda Luvungi. Na palikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Uvira aliyetafuta kiwanja karibu na barabara ajenge depo ya bia. Wakapatana wao wawili: shamba kwa pikipiki. Kilichobaki ni karatasi yenye kidole cha koko. Baba mdogo akanifuata mimi, kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri. Akaniambia koko amezeeka, mgongo umepinda, lile tope litamuua, sisi tunampumzisha tu. Pia akaahidi kunipeleka Uvira kwa pikipiki kila nitakapotaka. Nikaamini, mwanangu, kwa sababu nilitaka kuamini.

Niliiandika karatasi kwa Kifaransa, tena nikajisifu kwa kile Kifaransa. Nikampelekea koko jikoni nikamwambia ni karatasi ya kupata chandarua. Alinitazama, akaitazama karatasi, akachovya kidole kwenye wino, akagandamiza. Aliniuliza tu kama ule wino utatoka kwa sabuni.

Zikapita wiki mbili. Asubuhi moja, mpunga ukiwa umeanza kutoa masuke, nikasikia kelele barabarani nikaenda kuona. Mfanyabiashara alikuwa amekuja na vibarua wanne wenye majembe, wachimbe msingi. Baba mdogo alikuwa juu ya pikipiki yake mpya, na shemasi wa kanisa letu amesimama kando, ameletwa awe shahidi. Koko alikuwa ameshafika kabla yao. Ameweka kigoda katikati ya mpunga, amekaa, amejifunga kikwembe chake, kile kitenge cha Jumapili. Nilishangaa kidogo kuona amenenepa asubuhi ile, lakini sikuwa na nafasi ya kulifikiria.

Mfanyabiashara alimsalimu kwa heshima, akamweleza kwamba shamba limeshakuwa lake, akatoa karatasi. Koko hakuigusa. Alinielekezea mimi kidole.

"Weye njo mwenye ulisoma," akasema. "Soma, bantu basikiye. Na usisome Kifaransa."

Nikasoma. Watu wa barabarani walikuwa wamekusanyika, hata wanawake wa sokoni wameweka chini mabeseni yao. Nilipofika pale nilipoandika kwamba yeye mjane, kwa hiari yake, anaacha shamba lake milele, nikapunguza sauti. Koko akaniacha nimalize, kisha akauliza kwa upole: "Chandarua iko fasi gani humo?"

Nikajibu kwamba hakuna mahali palipotajwa chandarua. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mfanyabiashara hakujali. Alisema kidole ni kidole, hata mahakamani watamwambia hivyo, akawaashiria vibarua. Wa kwanza akainua jembe, akalishusha. Shina la mpunga likang'oka na mizizi yake, na masuke machanga yakaanguka topeni. Mpaka dakika ile nilikuwa nimedanganya karatasi tu, na sasa nilikuwa naona chakula chetu kinang'olewa.

Koko akainuka polepole. Akakisogeza kigoda. Akashika fundo la kikwembe chake.

Wewe umekulia mjini, labda hili hujaliona. Kwetu, mwanamke mzee aliyezaa akifungua nguo mbele yako kwa hasira, umekwisha. Hapo hakuna dawa wala faini. Umeuona mwili uliokuleta duniani, na tangu siku hiyo hutanyookewa na jambo lolote. Nilikuwa nimesikia habari hizo tangu utotoni, lakini sikuwahi kuona mkono wa mtu umeshika fundo, tena mkono wa koko wangu aliyekuwa anaona haya hata kupiga miayo mbele ya wageni.

"Mwenye anataka shamba yangu abakiye hapa," akasema bila kupaza sauti. "Aone fasi bantu banatokaka."

Mwanangu, sijawahi kuona watu wazima wakikimbia namna ile. Wa kwanza alikuwa shemasi, yeye aliyetufundisha kila wiki kwamba mambo haya ni ya kipagani. Alikimbia Biblia ikiwa imemziba macho, akagonga mti wa mtu, akaomba radhi, akaendelea. Kibarua mmoja alitumbukia kwenye mfereji wa maji, na badala ya kutoka akabaki humo humo ameinamisha kichwa. Mfanyabiashara aliacha kiatu topeni. Na baba mdogo, mwana wa tumbo lile lile, alikimbia kwa miguu kuelekea Luvungi, akasahau kabisa kwamba ana pikipiki.

Mimi nilibaki. Nikafumba macho, nikayafunika na viganja. Nikasikia kitambaa kinafunguliwa. Koko akaniambia nifumbue macho, nikakataa. Akaniambia tena, kwa sauti ile ambayo haikataliwi. Nikachungulia kati ya vidole.

Chini ya kikwembe palikuwa na kikwembe kingine. Chini ya hicho, cha tatu. Na chini ya vyote, suruali ya marehemu mumewe, amejifunga kwa kamba kiunoni. Koko alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikuweza kucheka. Nilimtazama kama mtu nisiyemjua.

Nikamuuliza alijuaje kwamba watakuja, hata akajiandaa hivyo. Kicheko kikamwisha. Akasema siku ile ile ya wino aliwauliza majirani kuhusu vyandarua, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia habari hiyo. Baada ya hapo masikio yake yakakaa wazi, na baba mdogo hajui kunong'ona.

"Kila mangaribi nilikuwa nakupakuliya bugali, nangojeya useme," akaniambia. "Ukakula. Ukanawa. Ukalala."

Nilikuwa nimeshtuka mara nyingi asubuhi ile, lakini neno hilo ndilo lililonivunja. Wiki mbili nzima alikuwa anajua, na alikuwa ananipa nafasi pamoja na chakula. Nikalia palepale kwenye mpunga. Hakunibembeleza. Aliokota lile shina lililong'olewa, akaniwekea mkononi, akaniambia nilirudishe ardhini kabla jua halijakuwa kali. Nikalirudisha kwa mikono yangu yenye diploma. Karatasi waliyoiacha aliiwashia moto wa jikoni jioni hiyo, pikipiki yule mfanyabiashara alikuja kuichukua, na baba mdogo alirudi baada ya siku nne akipitia nyuma ya nyumba.

Sasa nikwambie kwa nini nimekusimulia. Jumapili ulinieleza kwamba wewe na ndugu zako mmeamua nihamie kwako Bukavu. Kitanda kimeshanunuliwa. Nyumba yangu hii ya kando ya ziwa, hapa Uvira, mmeshampatia mpangaji, na meza yangu ya kuanikia ndagala, dagaa wetu wa ziwani, mmemwahidi mke wa mpangaji. Yote mmeyafanya kwa upendo, najua, na mimi pia nilijiambia ni upendo nilipoandika kile Kifaransa. Lakini hamkuniuliza. Mtu akizeeka miguu inachoka, macho yanachoka, ila ile sehemu inayosema nataka au sitaka haichoki, mwanangu. Kabla ya kumwamulia mzee, kaa naye, muulize, na jibu lake likikuudhi likubali hivyo hivyo. Na kama umeshamkosea, mwambie kabla hajakupakulia tena, maana huenda anajua na anangoja.

Mungu akubariki wewe na nyumba yako, akupe uzee mrefu wenye meno, na watoto watakaokuuliza. Njoo Jumamosi, nitakuchomea mikeke, samaki uwapendao wa ziwa letu, tuzungumze. Mlete na huyo mpangaji wenu. Ila kumbukeni mkiwa njiani kwamba koko alikuwa na suruali ndani. Mimi, kwa joto hili la Uvira, suruali siivai.