Kifaa Kilichosoma Polepole

Fundi umeme wa mradi wetu wa maji hapa Vudee ana mikono midogo, na kabla ya kugusa nyaya huifuta kwanza kwenye pindo la ovaroli. Huongea polepole, kama anayemsomea mtu barua. Mota ya pampu ilipoungua mara ya pili, alifunga kifaa cha kupima ishara za umeme zinazoiongoza. Grafu ikatoka imenyooka, kama vile umeme hauna hitilafu, naye akaandika kwamba mlinzi wa pampu, Mzee Elinaza, alizembea. Mzee akaachishwa kazi. Lakini fundi hakutulia, maana kifaa kile kilisoma mara moja tu kwa sekunde. Akaagiza kingine kinachosoma mara elfu kumi, na asubuhi moja hicho kikaonyesha ishara ikikatika na kurudi kufumba na kufumbua. Waya ulikuwa umelegea. Asubuhi hiyohiyo nilimsindikiza kwa mzee.

“Shikamoo, mzee. Nilichagua kifaa kisichofaa, nikakusingizia. Mota haikuungua kwa uzembe wako.”

“Marahaba,” alijibu mzee, kisha akamwita mkewe. “Raheli, njoo hapa.” Mama alipotoka jikoni, mzee akamgeukia fundi. “Rudia, mwanangu. Na yeye asikie.”

Fundi akarudia yote, safari hii akimtazama mama usoni.