Ngazi Tatu za Mlinzi

Mlinzi wa jumba la picha ana funguo kumi na saba kiunoni, na tisa kati yake ni za milango iliyokwisha kubomolewa. Kuta zimehamishwa mara nne tangu aanze kazi, lakini miguu yake haijapewa taarifa. Akifika katikati ya ukumbi hukata kona kuukwepa ukuta ambao haupo, na pale zilipokuwa ngazi tatu bado hunyanyua goti. Wageni akiwaambia, "Pinda kwenye dirisha la bluu," huibukia chooni. Jana meneja, kijana mwenye ramani mpya mkononi, alimkalia kooni: "Mzee wangu, akipotea mgeni mmoja tena, unahamia getini."

Leo akaingia bibi mmoja na mkongojo wake. "Natafuta picha ya mama yangu. Ilikuwa juu ya ngazi, mkabala na dirisha la bluu." Meneja akaigeuza ramani, akaigeuza tena, jasho likamtoka. Mlinzi alifuta kiganja kwenye suruali, akampa bibi mkono.

"Kona hapa, bibi. Haya, ngazi."

"Bado ni tatu?"

"Tatu zile zile."

Wakanyanyua miguu pamoja, moja, mbili, tatu, kwenye sakafu tambarare, na mbele yao, kwenye ukuta pekee ambao haujawahi kuhamishwa, mama mtu akawa anawatazama. Mlinzi akageuka kumtafuta meneja. Alikuwa nyuma yao, ramani kwapani, amenyanyua goti.